Mfuko wa Saba

Goreti mwanangu,

Umetoka saa nne kwenda Gitaza kumtafutia mama yako mdogo ndagala zilizokauka vizuri, zisizo na mchanga, na umesema utarudi kabla jua halijazama. Kwa hiyo nina mchana mmoja. Napumzika kila baada ya mistari michache. Ukiona wino umepauka katikati ya neno, ujue hapo nilisimama kuvuta pumzi.

Mambo ya dawa zangu, uji wangu na ufunguo wa mlango wa nyuma mmeshayapanga na Mama Furaha wa jirani, siyagusi. Ya safari pia sina la kukufundisha. Una miaka arobaini na moja na umeiendesha nyumba hii tangu ulipokuwa msichana. Nina jambo moja tu, nimelibeba miaka ishirini na miwili. Lazima ulisikie kwangu leo, maana kesho jioni utakuwa umeketi sebuleni kwa mama mdogo Sifa huko Kigoma, naye atalitaja bila kujua kwamba kwako ni jipya.

Unakumbuka mwezi uliopita alipokupigia simu kwa mara ya kwanza baada ya miaka yote ile. Uliiweka kwa sauti kubwa ili nami nimsikie dada wa marehemu mama yako. Akasema, "Goreti, mimi yaliyopita nimeyaacha. Ile barua yako nilishaisamehe. Njoo unisaidie na duka la dawa, macho yangu yamekwisha." Mlipomaliza ukanigeukia.

"Papa, barua gani hiyo?"

"Sifa amezeeka," nikakujibu. "Anachanganya watu."

Ukasikitika, ukasema maskini mama mdogo. Goreti, Sifa hachanganyi kitu. Barua ilikuwepo, na niliiandika mimi.

Ili uelewe nilifikaje hapo lazima nirudi kwenye kalamu. Najua umezichoka. Wewe ndiye uliyekulia chini ya kasha lile la biskuti nilimozitunza, na wenzako shuleni wakikuita "mutoto wa Mzee Mastilo," yaani mzee wa kalamu. Lakini sehemu nyingine ya habari yake huijui.

Nilianza nikiwa karani kijana wa komini, ofisi ya serikali ya hapa kwetu, kabla hawajaniita Sekreteri. Bosi wangu wa kwanza, alipohamishwa, aliniachia kalamu ya wino mezani bila neno. Ilikuwa nyeusi, ina mkono mdogo wa chuma ubavuni wa kuvutia wino, na kwenye kishikizo chake kuna korongo amesimama kwa mguu mmoja. Kitakoni ilikwaruzwa namba tatu. Jina la kiwanda: Orvelle. Nikauliza Bujumbura, nikawauliza mapadri, hakuna aliyelijua jina hilo. Baadaye kabisa Mbelgiji mmoja mzee aliniambia kilikuwa kiwanda kidogo cha ndugu wawili, ambacho hata kwao wengi hawakukisikia, na kwamba mfanyabiashara mmoja tu aliwahi kuzileta huku, akazisambaza kwenye maduka ya kando ya ziwa letu. Aina tisa, namba moja hadi tisa. Kisha kiwanda kikafungwa.

Fikiria hilo liliingiaje kichwani mwa kijana aliyeshinda akipiga mihuri kwenye vyeti vya kuzaliwa vya watu wengine. Vitu tisa, tena viko hapa hapa, kati ya Gitaza na Nyanza, ndani ya nyumba za watu wasiojua wana nini. Nilikuwa sijawahi kufika popote. Nikaona hii ni safari ninayoweza kuimaliza bila kuondoka.

Namba tano niliipata Kizuka kwa mjane wa katekista, alikuwa anafungia nayo dirisha mahali pa komeo. Kofia ya namba tisa niliikuta Gatete kwa mzee mmoja mvuvi aliyeifanya chombo cha tumbako. Ulikuwa na miaka minane, nilikubeba kwenye baiskeli siku ile, labda unakumbuka alivyonicheka.

"Sekreteri, weye umesoma mpaka wapi?"

"Mpaka umaniteli, mzee, sekondari yote."

"Na ule umaniteli wote umekuleta hapa kuomba kifuniko cha tumbako yangu?" Akawaita wanawake wa nyumba ya pili. "Mukuje muone! Serikali imekuja kuchukua tumbako!"

Nilimpa mkebe mpya na sabuni mbili, akanipa kofia, na kalamu yenyewe tukaichimbua kwenye sanduku la ndoana. Nilirudi nikiimba. Wewe ulilala mgongoni kwangu njia nzima.

Na ile namba mbili, unajua niliiharibu mwenyewe. Huku kwetu kila kitu kinapakwa mawese: ngozi, bawaba, mpini wa jembe, hata kichwa cha mtoto. Nikaona ebonaiti, ule mpira mgumu wa mwili wa kalamu, imepauka kwa jua, nikaipaka mawese ndani na nje, ikang'aa kama macho ya samaki. Baada ya mwezi nikavuta ule mkono wa ubavuni, kikatoka kitu kama kamasi nyeusi. Mafuta yalikuwa yamekila kipira cha ndani kinachoshika wino. Mtu wa mahali pengine asingefanya kosa hilo, maana asingekuwa na pipa la mawese nyuma ya nyumba. Nilijisikia vibaya wiki nzima kwa sababu ya kalamu. Nataka ulijue hilo, kwa sababu ya nitakayoyasema mbele: nilikuwa mtu wa kukosa usingizi kwa kalamu.

Mama yako alipofariki ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Ndipo ulipoanza kunisaidia. Ulikishona kile kitambaa cha bluu chenye mifuko tisa, kila kalamu na mfuko wake, na ule wa saba ukauzungushia uzi mwekundu. "Ili ikija ijue mahali pake," ulisema. Wakati huo nilikuwa na nane. Namba saba hakuna aliyewahi kuiona pwani yote hii. Nilisikia tu kwamba ndiyo pekee yenye ncha iliyokatwa mshazari, inayoandika mstari mnene ikishuka na mwembamba ikipanda.

Ulipomaliza shule ukiwa na miaka kumi na tisa, ulitaka uuguzi. Uliniambia tukiwa pale mlangoni unachambua maharage. Nikasema tutaangalia. Barabara zilikuwa mbaya miaka ile, risasi zilisikika juu milimani, na simu zilikuwa za watu wachache. Barua zilipita mikononi mwa wachuuzi. Wewe hukujua kwamba Sifa alikuwa amepata habari zako.

Mama Zaituni, yule aliyekuwa akileta vitenge kutoka Kigoma, alifika asubuhi moja ya Jumapili na bahasha na kifurushi kilichoshonewa ndani ya kitambaa cha shuka.

"Amahoro, Sekreteri. Mutoto iko wapi? Nimeambiwa nimupe yeye mwenyewe, mukononi."

"Iko kanisani. Nipe mimi."

"Sifa amesema mukononi kwake."

"Mama Zaituni, mimi ni nani? Mimi si baba yake?"

Akaniangalia, akanipa. "Basi nitapita kesho kuchukua jibu," akasema. "Naondoka na mashua ya saa sita. Asisahau, yule mama anangoja sana."

Nilifungua kifurushi kwanza. Ningeweza kufungua barua, lakini nilifungua kifurushi, kwa sababu vidole vyangu vilishaijua kalamu kupitia kitambaa. Korongo kwenye kishikizo. Nikaigeuza. Saba.

Barua niliisoma baadaye. Nimeiweka ndani ya hii, kama ilivyokuja, sikuichoma. Utaona anakuambia kwamba amekupatia nafasi kwenye chuo cha wauguzi, kwamba utalala chumba kimoja na binti yake, kwamba hutalipia kitu. Utaona anasema kalamu ni ya marehemu mumewe, karani wa reli, aliyeirithi kwa baba yake, ambaye naye aliachiwa na Mbelgiji wa bandarini. Anakupa kwa sababu utakuwa mtu wa kwanza wa upande wa dada yake kusoma hadi chuo. Na mwishoni: "Nijibu kwa kalamu hii hii, ili nikiona mistari yake nijue ni wewe, si mtu mwingine."

Ningependa kukuambia nilikuzuia kwa mapenzi. Kwamba niliogopa risasi za njiani, au upweke, baba mjane na nyumba tupu. Hofu hizo zilikuja, zilikuja mchana wake, na nilizipokea vizuri kwa sababu zilikuwa na sura nzuri kuliko ile iliyotangulia. Iliyotangulia ilikuwa kalamu. Sikutaka kuitoa mkononi. Na barua iliitaja kalamu mara tatu, kwa hiyo nisingeweza kukupa barua bila kukupa kalamu. Nilikaa kitini nikitafuta namna. Niliwaza hata kuinakili barua ya Sifa upya, nikiondoa mistari ile. Lakini wewe ungemshukuru kwa mengine, yeye angekuuliza kuhusu kalamu, na ningekamatwa. Kila mlango niliojaribu ulinirudisha chumba kile kile. Ukarudi kutoka kanisani, ukaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula.

Kesho yake ukaenda mtoni kufua. Nilijaza wino namba saba, nikachana ukurasa wa daftari lako, nikamwandikia Sifa kwa mkono wako. Haikuwa kazi ngumu. Mwandiko wako nilikufundisha mimi, kwenye meza hii, nikikushika vidole. Niliandika hivi, nakumbuka kila neno:

"Mama mdogo, asante kwa zawadi. Sitakuja. Kigoma ni mbali, na kazi ya kuosha wagonjwa siitaki, naona ni kazi ya watu walioshindwa."

Sentensi ya mwisho niliiongeza kwa makusudi. Sifa alikuwa muuguzi. Nilitaka aumie kiasi cha kutoandika tena, na niliijua ile familia, najua wanavyonyamaza wakiumia. Mistari ilikuwa minene ikishuka na myembamba ikipanda, kama alivyoomba. Mama Zaituni akaichukua. "Murakoze, Sekreteri," akanishukuru. Sifa hakuandika tena.

Wewe uliendelea kuulizia uuguzi kwa mwaka mmoja hivi, kisha ukaacha. Ukapata ile kazi ya kaunta kwenye famasi ya hapa mjini, ukawa unasoma maandishi ya madaktari kwa ajili ya watu wengine. Kuna vijana wawili waliokuja hapa kukuomba, na wote wawili uliwaambia huwezi kumwacha Papa peke yake. Nilikusikia. Nilikuwa nyuma ya ukuta.

Sasa sikiliza adhabu ilivyokuwa, kama ni adhabu. Kalamu zote tisa zilikuwa chini ya paa moja, na sikuweza kumwambia mtu. Nisingeweza kuiweka namba saba kwenye mfuko wake wa uzi mwekundu, wewe ndiye uliyekuwa ukikifungua kile kitambaa kupangusa vumbi. Niliitia ndani ya soksi, nikaisokomeza kwenye pamba za godoro upande wa ukutani. Nimelala juu yake miaka ishirini na miwili. Mara chache ulipokuwa kazini niliitoa, nikaandika jina langu mara moja kwenye gazeti, nikalichoma gazeti. Huo ndio ulikuwa ukusanyaji wangu. Wageni walipokuja kuona kalamu nilisema, "Bado namba saba," wakasikitika pamoja nami.

Na wewe ukaitafuta. Hilo ndilo linaloniamsha. Kila ulipokwenda Bujumbura ulipita kwa wauza vitu vya zamani, ukarudi na uso wa pole: "Papa, nimeuliza kote, hawana." Mwaka ule mtu alipokudanganya kwamba kuna mzee Gitaza anayo, ulitumia siku yako ya mapumziko, mvua ikakunyeshea ukienda na kurudi, ukaugua malaria siku tisa. Nilikaa kitandani kwako nikikuwekea kitambaa cha maji kwenye paji la uso. Ulikuwa na homa kali, ukaniambia, "Nitaipata tu, Papa, usijali." Soksi ilikuwa hatua sita kutoka hapo. Nilikuwa na kinywa, nilikuwa na miguu. Sikusema.

Nilidhani kitu kikikaa muda mrefu kinapoa. Hakipoi. Kila mwaka uliopita ulikuwa sababu mpya ya kutokisema, maana ningelazimika kuueleza mwaka huo nao. Ningekiri mwezi wa kwanza ungenikasirikia, ungekwenda chuo, na leo tungelicheka. Siku ya kusema ilikuwa Jumapili ile ile, uliponiuliza kama nimekula. Hilo tu ndilo ninaloweza kukupa kama funzo, na nimelipata kwa maisha yako, si yangu.

Bado moja. Jumanne ya wiki jana, begi lako likiwa tayari mlangoni na taksi ya Nyanza, ya kukupeleka upande wa mpakani, imeshaitwa, ulinikuta sakafuni hapa chumbani. Sikuanguka, Goreti. Nililala chini taratibu, kwanza goti, kisha kiwiko, nikaisukuma fimbo mbali kidogo ionekane imeniponyoka. Ulipiga kelele, ukanikumbatia, ukampigia Sifa: "Mama mdogo, siji kwanza, Papa ameanguka." Nami nikiwa mikononi mwako nikahisi nafuu, ile ile ya siku Mama Zaituni alipogeuka na bahasha. Hapo ndipo nilipoogopa. Nilikuwa nimekwisha kukufanyia tena yale yale. Naumwa kweli, daktari hakukudanganya, na sidhani nitaiona mvua ya masika. Lakini kuumwa kweli hakukunizuia kuigiza kuumwa.

Usiku ule sikulala, na asubuhi ulikuja na beseni na sabuni, ukaniosha kama kawaida, mgongo, kwapa, miguu, ukiwa unaniambia habari za soko. Nikaikumbuka sentensi niliyomwandikia Sifa kwa jina lako. Nikageuza uso ukutani. Ulidhani maji ni ya moto.

Kwa hiyo hii barua. Naiandika kwa namba saba, umeshaona mistari. Chumba hiki nimekimaliza kukitazama. Tangu ziwa lilipopanda na kuchukua nyumba za chini, dirishani naona maji mahali palipokuwa na ua wa watu, na vichwa vya michikichi viwili vitatu vikitoka humo. Siwezi kwenda kokote. Sisemi hivyo unionee huruma. Nasema kwa sababu nilikufanyia hivyo hivyo, wewe ukiwa na miguu mizima.

Nikimaliza nitainuka niende chumbani kwako. Ni hatua kumi na moja kwa miguu yangu ya sasa, nimezihesabu tangu asubuhi, na kuna kiti katikati cha kupumzikia. Nitaweka juu ya begi lako barua hii, barua ya Sifa, na kile kitambaa cha bluu. Mfuko wa saba hauko mtupu tena. Kalamu hiyo ni yako tangu ukiwa na miaka kumi na tisa. Mrudishie Sifa, itumie, itupe ziwani ukipenda, lakini usiniulize mimi, sina neno juu yake. Nane zilizobaki nazo zichukue, au umwachie Mama Furaha awape watoto wake wachezee. Sitazitazama tena.

Mwambie Sifa yote. Mwonyeshe maandishi haya na yale mengine kama bado anayo, macho yake yatatosha kwa hilo.

Leo jioni utasoma. Kama hutaki kuingia chumbani kwangu, usiingie. Mama Furaha ataniletea uji, nami sitauliza uko wapi. Siombi unisamehe. Ungenisamehe haraka, nakujua, halafu ungebaki.

Ninachoomba ni hiki. Kesho asubuhi taksi ya Nyanza itapiga honi pale kwenye mchikichi mkubwa. Wakati huo nitakohoa, kwa sababu asubuhi nakohoa. Pengine nitakohoa zaidi ya inavyotakiwa, sijui, sijiamini. Pengine utasikia kitu kimeanguka.

Usirudi, mwanangu. Panda gari.

Papa